Mbao Tatu za Daraja la Kiuye

Sitawachosha kwa habari za njiani. Nilipanda, nilishuka, nilipotea, nikafika. Nchi yenyewe inaitwa Usaza, na mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona, kwa kuwa wenyewe walipochora ramani ya dunia walijiacha nje kwa unyenyekevu, na majirani zao wakainakili hivyo hivyo.

Mimi kwa kazi ni mkaguzi wa majengo, sasa nimestaafu. Kwa miaka thelathini na moja nimezunguka wilaya za kwetu nikigonga kuta na kupima ngazi, wala sijawahi kuona haya kumwambia mkandarasi usoni kwamba kazi yake ni takataka. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu wa kuniambia kwamba sikuelewa nilichokiona.

Nilichokiona kwanza kilikuwa mapaa. Kila nyumba ilikuwa na bati moja pungufu, na chini ya bati hilo, ndani, pamewekwa ndoo. Kila shati lilikosa kifungo kimoja. Saa ya mnara wa sokoni ilikuwa na mshale wa dakika tu, hivyo watu walijua kwa uhakika kwamba ni na robo, ila hawakujua ni saa ngapi na robo. Nikadhani ni umaskini, nikawaonea huruma. Huruma hiyo ilidumu mpaka jioni, nilipomwuliza mwenyeji wangu.

Mwenyeji wangu aliitwa Vuai bin Kheri, mtu wa makamo, mpole, mwenye mabega ya mtu aliyefanya kazi nzito. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole gumba.

"Mabati tunayo," alisema. "Yako ghalani. Lakini ukamilifu ni wa Mola peke yake, ndugu yangu. Kwa hiyo kila tunachokifanya tunamwachia pengo lake."

Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Kwetu hakuna hotuba inayokwisha bila mtu kukumbusha kwamba mkamilifu ni Mungu tu. Tofauti ni kwamba sisi huyasema baada ya kuharibu. Watu wa Usaza huyasema kabla ya kuanza, na wameyaundia idara.

Idara yenyewe inaitwa Idara ya Upungufu, na ndiyo kubwa kuliko zote serikalini. Maofisa wake huitwa wapunguzi. Hutembea wawili wawili, mmoja ameshika uzi mwekundu na mwingine daftari. Kitu chochote kikitengenezwa, kiwe kabati au kisima, wapunguzi huja kutafuta mahali pa kupitisha uzi ule. Ukipita, hupigwa muhuri, kazi imekubaliwa. Usipopita, fundi amefanya kosa la ukamilishaji, yaani amejitia kwenye daraja la Mola, na adhabu yake ni kupunguzwa. Hukatwa kidole gumba cha mkono anaofanyia kazi, ili asikamilishe tena kitu chochote maishani. Nilipoisikia adhabu hiyo niliuangalia mkono wa Vuai, naye akautia chini ya meza.

Nilitaka kujua jambo hili lilianzaje, nikaazima kitabu cha historia cha shule. Zamani, kinasema kitabu, mafundi wa Usaza walikuwa na desturi ya kuigusa kazi yao wanapoimaliza na kusema: Mola, nimefika hapa. Basi, hiyo tu. Kisha akaja mtawala wa nne, akajenga daraja la Mto Kiuye, na zilipobaki mbao tatu kufika ng'ambo, mbao "ziliondoka". Kitabu hakisemi zilikwenda wapi. Kinasema tu kwamba mwaka huo huo mtawala alipata sebule mpya. Wananchi walipouliza, aliwakusanya ukingoni mwa mto, akavua kofia, akawaambia kwamba pengo lile ni la Mola na kwamba yeye ni nani hata alizibe. Watu walilia kwa unyenyekevu wake. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria.

Niliomba pia kuiona katiba yao. Karani aliyenionyesha aliishika kwa mikono miwili. Imeandikwa vizuri, ina sura za haki na wajibu na bendera, isipokuwa sura ya mwisho, inayoeleza mtawala anavyotoka madarakani. Hiyo imeachwa kwa Mola. Nikamwuliza kama pengo hilo lilichaguliwa kwa kura. Akanijibu kwa adabu kwamba sura ya kura nayo imo katika pengo hilo hilo.

Ikulu nako nilipelekwa. Ni jumba lililotimia kila upande, na mimi nilitafuta sana, mnajua kazi yangu. Pengo lake, nilielezwa, ni kijiko kimoja cha chai, kilichoondolewa kwa gwaride na ngoma mbele ya mabalozi.

Msidhani kwamba hawajadiliani. Barazani wana vyama viwili, Wadhahiri na Wabatini. Wadhahiri wanashikilia kwamba pengo lazima lionekane kwa macho, la sivyo ni unafiki. Wabatini wanasema Mola haonekani, kwa hiyo hata pengo lake halipasi kuonekana. Siku niliyohudhuria walikuwa wakimalizia mjadala wa miaka sita kuhusu zahanati iliyo ng'ambo ya Kiuye. Wadhahiri walitaka ikose mlango. Wabatini walitaka ikose dawa. Walibishana kwa aya na kwa hoja, mzee mmoja akatokwa machozi, na mwishowe wakapatana kama ndugu: ikose vyote viwili. Walikumbatiana. Nilijikuta napiga makofi, kwa sababu kwetu tumewahi kufikia uamuzi kama huo bila hata kuumizana vichwa.

Ningeweza kuendelea hivi, nikacheka, nikarudi nyumbani na hadithi za kuwachekesha wajukuu. Kilichonizuia ni habari ya nyumba niliyofikia.

Mkewe Vuai, Bi Somoe, alikuwa amelala sebuleni kwenye kitanda cha kamba, nyonga imevunjika. Kutoka hapo aliamrisha nyumba nzima kwa sauti tu. Miezi miwili kabla, alikuwa akivuka daraja la Kiuye. Kila mtu wa Usaza hufika mwisho wa daraja lile, akajifunga nguo vizuri, akaruka pengo la mbao tatu. Vijana huruka wakicheka. Wagonjwa hurushwa na jamaa zao. Bi Somoe aliruka, akagonga ukingo, akaangukia mawe.

"Vuai atakwambia nilimtolea Mola sadaka," aliniambia siku ya pili, mumewe akiwa hapo hapo. "Mimi sikuwa natoa sadaka, mgeni. Mimi nilikuwa nakwenda kung'oa jino."

"Somoe, sheria ni sheria," Vuai alisema.

"Sheria imekula kidole chako, imekula nyonga yangu, sasa inamtaka Siwatu. Haijashiba tu? Iulize huko unakokwenda kuisujudia, inashiba lini?"

Siwatu alikuwa mdogo wake Vuai, mama mmoja baba mmoja, seremala aliyefundishwa kazi na kaka yake huyo tangu alipoweza kushika randa. Wiki moja baada ya wifi yake kuanguka, Jumanne asubuhi, watu wakiwa sokoni na jua limeshatoka, alichukua mbao tatu mabegani, akaenda darajani, akazipigilia. Hakujificha. Wapunguzi walipokuja na uzi wao mwekundu, uzi haukupita popote. Sasa alikuwa mahabusu, na kesi yake ilikuwa Alhamisi.

Jioni hiyo Vuai alinieleza kuhusu kidole chake. Miaka kumi na tano iliyopita alitengeneza mlango wa shule.

"Mlango ule ukifunga, umefunga," alisema. "Walipitisha uzi juu, wakapitisha chini, wakaenda kwenye bawaba. Wakalowesha uzi, wakaupaka sabuni. Ndugu yangu, haukupita!" Macho yalikuwa yamemng'aa. Kisha akakumbuka mwenyewe, akashusha sauti. "Nilikuwa na kiburi. Nilistahili nilichopata."

"Nani kakwambia ulistahili?"

"Kama sikustahili," alisema taratibu, "basi kidole changu kilikwenda kwa nini?"

Nilishikwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa haina pa kwenda, maana mtu niliyetaka kumgombeza ndiye aliyeumizwa. Nikamwuliza mlango wenyewe uko wapi. Akasema waliupasua kwa shoka, wakauwasha moto uwanjani, wanafunzi wakitazama.

Ndipo aliponiomba. Kisheria, mtu mwenye ujuzi wa ujenzi akiapa mahakamani kwamba kazi ina kasoro, fundi huachiwa. Kazi yenyewe hubomolewa, ila kidole hubaki. Mafundi wote wa Usaza wanamwogopa Mpunguzi Mkuu, hakuna atakayeapa. Mimi ni mgeni, na nimekagua majengo maisha yangu yote.

"Tafuta kasoro yoyote," Vuai alisema. "Hata ndogo. Mbao zing'olewe, pengo lirudi, lakini mdogo wangu abaki na mkono wake. Mimi najua maisha ya mkono huu. Kufunga kifungo tu ni mpaka nimwite mke."

Basi nikaenda darajani. Idara ilikuwa imeweka mlinzi wa kuzuia watu wasivuke mpaka kesi iamuliwe, naye nilimkuta ng'ambo, anakula muhogo wa kuchoma. Watu walikuwa wakivuka upesi upesi, wakigeuka nyuma, mithili ya waliokula kitu cha watu. Isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa na kikapu cha mayai. Alifika kwenye zile mbao tatu akasimama juu yake, hana haraka, akaangalia maji chini. Nikamwuliza kuna nini.

"Hakuna kitu, baba," alisema. "Nasimama tu. Nina miaka arobaini na mbili naruka hapa, sijawahi kuyaona maji yanavyopita."

Nilipiga magoti, nikatoa kisu changu na rula. Nimekagua madaraja mia mbili na kitu, na nitasema hivi bila kuona haya: sijawahi kuona mbao tatu zilizolazwa vile. Kingo zilikuwa zimepigwa randa mpaka karatasi isingeingia. Misumari ilikuwa imezamishwa na kufunikwa nta. Nilitumia saa nzima, na nilichokipata ni fundo moja la mti kwenye ubao wa kati, ukubwa wa harage. Nikashukuru. Fundo ni fundo, nikajisemea, kwa hili naweza kuapa.

Siwatu nilimkuta ndani ya chumba cha mahabusu chenye kuta tatu. Ukuta wa nne ameachiwa Mola, na mahali pake amewekwa askari. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa alama za kazi. Nilipomwambia habari ya fundo alitabasamu.

"Nililiona, mzee. Ndiyo maana nikaligeuza juu. Ubao unapobeba mzigo unavutika upande wa chini. Fundo likiwa juu halidhuru."

Najua kwamba ni kweli. Kila fundi anayejua kazi yake anajua kwamba ni kweli.

"Ukiapa kwamba ni kasoro utakuwa umedanganya?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Basi usiape. Watazing'oa mbao, na wifi yangu akipona ataruka tena, na safari hii atavunjika shingo. Kaka anadhani ninagombania kazi yangu. Mimi nagombania pale mahali pa kukanyaga."

"Na kidole?"

Niliona alikuwa amekificha kidole gumba ndani ya ngumi yake, na nadhani hakujua kwamba amefanya hivyo. Niliogopa kwa ajili yake, na nikaogopa kwa ajili yangu pia, kwa sababu hukumu ile sasa ilikuwa imekuja kukaa kwenye ulimi wangu.

"Nina swali moja," alisema. "Nalo nimekaa nalo tangu siku walipomkata kaka. Sijapata mtu wa kumwuliza. Alhamisi nitampata."

Mahakama ya Usaza haina paa upande wa mashariki, kwa hiyo asubuhi jua lote humwangukia mshitakiwa. Watu walijaa mpaka madirishani. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na kishoka kidogo chenye mpini uliokatwa nusu. Hakimu aliitwa Bi Mshangama, mwembamba, wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kunyamaza. Aliyeshitaki alikuwa Mpunguzi Mkuu mwenyewe, Bwana Makungu, amevaa joho lililokosa kifungo kimoja, na pale kifungo kilipokosekana palikuwa pamedariziwa kwa uzi wa dhahabu.

Niliitwa kwanza. Nikaapa.

"Umelikagua daraja?" Hakimu aliniuliza.

"Nimelikagua, Mheshimiwa."

"Umeona kasoro?"

Vuai alikuwa kiti cha mbele. Alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo nikiyakumbuka huacha kula. Nikamtazama Siwatu, naye alitikisa kichwa mara moja tu.

"Nimeona fundo la mti, ukubwa wa harage," nilisema. "Fundi ameliweka mahali linapostahili kuwekwa. Kwetu mkandarasi akifanya kazi kama hii, ningemwalika nyumbani kwangu na kumchinjia kuku."

Vuai aliufunika uso wake kwa mikono yake miwili. Bwana Makungu aliinama kunishukuru, kwa kuwa nilikuwa nimemfanyia kazi yake yote, na nikarudi kukaa nikiwa sijui kama nimefanya uungwana au nimemkata mtoto wa watu kidole.

"Mshitakiwa ana la kusema?" Hakimu aliuliza.

"Nina swali kwa Bwana Mpunguzi Mkuu, Mheshimiwa. Kama sheria inaniruhusu."

"Sheria haisemi."

"Basi nauliza." Siwatu alimgeukia. Jua lilikuwa machoni mwake, akaweka kiganja juu ya nyusi ili amwone vizuri. "Bwana Makungu, mkamilifu ni nani?"

Bwana Makungu alifurahi. Hilo ni swali la kwanza la watoto wa chuoni. "Mola," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka nje.

"Peke yake?"

"Peke yake, bila mshirika."

"Kiumbe anaweza kukamilisha kitu? Hata kidogo? Hata kikiwa ni mlango, au mbao tatu?"

"Hawezi! Kiumbe hawezi. Anayesema kiumbe anaweza, huyo ametoka katika imani."

"Ahsante," Siwatu alisema. "Basi mimi nimeshitakiwa kwa kufanya nini?"

Mimi nilikuwa natazama mkono wa karani. Kalamu ilisimama hewani. Bwana Makungu aliutazama uzi mwekundu uliokuwa mezani kwake kana kwamba utamsaidia.

"Umeshitakiwa kwa ukamilishaji," alisema hatimaye.

"Ambao kiumbe hawezi."

"Umeshitakiwa kwa... kwa kujaribu."

"Hati haisemi kujaribu. Hati imesema nimekamilisha, na wewe ndiye uliyeitia sahihi. Na kama kujaribu ni kosa, anza na mama yako, maana sijui mwanamke wa Usaza anayefagia chumba akakusudia kuacha taka."

Watu walicheka, kisha wakaogopa kwamba wamecheka. Bwana Makungu alipandisha sauti. "Umeziba nafasi ya Mola!"

"Mola ana mbingu na ardhi, Bwana Makungu. Alikuwa akikaa kwenye mbao tatu?"

"Kufuru!"

"Nani anayekufuru kati yetu?" Siwatu aliuliza. "Mimi nasema kazi yangu ina kasoro, kwa sababu mimi ni mtu. Nikae niwahesabie? Ile nguzo ya pili, iliyokuwepo kabla yangu, imeanza kuinama, nami sikuinyoosha. Nta ile itaisha masika ya tatu. Mbao nilizopata ni changa, baada ya miaka kumi na miwili zitabadilishwa, na mimi nitakuwa nimezeeka. Hayo nayajua kwa sababu nimeifanya kazi kwa mikono yangu. Ninyi ndio mliokuja na uzi, mkapima, mkaandika kwamba Siwatu binti Kheri ametengeneza kitu kikamilifu. Mmeniandika katika daraja la Mola, kwa wino, na muhuri wa serikali. Mimi sijawahi kujiweka huko. Wazee wetu walipogusa kazi wakasema Mola nimefika hapa, hawakuwa wameacha ubao hata mmoja. Walifanya kazi mpaka nguvu zikawaishia. Pengo walilijua liko ndani yao, hawakuhitaji kulikata kwa shoka."

Hakimu Mshangama aliichukua hati ya mashitaka, akaisoma. Akaisoma tena. Nikahesabu mara nne. Mimi nimekaa kwenye mabaraza mengi ya watu wazima, na naujua uso wa mtu anayetafuta njia ya kutokea. Huyu hakuwa na uso huo. Huyu alikuwa na uso wa mtu aliyefungua ukuta kutafuta panya, akakuta nguzo ya nyumba imeliwa.

"Bwana Makungu," alisema, "unaliondoa neno lako kwamba kiumbe hawezi kukamilisha?"

Bwana Makungu aliangalia umati. Angesema ndiyo, angekuwa ameikana dini mbele ya mji mzima. "Siliondoi," alisema kwa taabu.

"Basi mahakama inaona hivi. Tendo lililoandikwa katika hati hii haliwezi kutendwa na kiumbe yeyote. Halikuwezekana Jumanne ile, wala halikupata kuwezekana siku nyingine yoyote. Mtu hahukumiwi kwa jambo lisilowezekana. Siwatu binti Kheri, uko huru. Mbao zako zibaki, na nta yako ikiisha uitie nyingine."

Kelele iliyotokea ingeweza kuliondoa hata paa lililobaki. Nilisimama, nikapiga kelele pamoja nao, mtu mzima wa miaka sitini na nane, wala sijuti. Wanawake walipiga vigelegele madirishani. Siwatu alikuwa amekaa sakafuni, anakifungua na kukifunga kiganja chake.

Kelele zilikatika kutoka mbele kuja nyuma. Vuai alikuwa amesimama.

Alisimama vile mtu anavyosimama katika nyumba ya kufiwa, bila kujua aweke wapi mikono. Kisha akaunyanyua ule wa kulia.

"Na mimi je?" aliuliza.

Hakimu alimtazama. "Kesi yako ilikwisha, Vuai. Ni miaka kumi na tano. Ilimalizwa hapa hapa."

"Nani aliyeimaliza, Mheshimiwa?"

Nilisikia mtu akimnyamazisha mtoto huko nje barabarani. Bwana Makungu alianza kukusanya makaratasi yake. Hakuna aliyemtazama.

Vuai hakurudia swali. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta, maana mkono alikuwa ameushikilia juu. "Ulikuwa mlango mzuri," alisema. "Ulikuwa unaingiza upepo kidogo chini, siku za kaskazi. Mimi nilijua. Hakuna aliyeniuliza."

Hakimu Mshangama alivua miwani yake. Akakiondoa kile kishoka mezani, akakiweka chini, karibu na miguu yake, na kitambaa akakikunja.

"Karani," alisema, "chukua karatasi mpya. Njoo hapa, Vuai, uniwekee mkono mezani niuone."

Vuai akaenda. Na nyuma yake, kutoka kwenye viti, kutoka madirishani, kutoka hata miongoni mwa askari, watu wakaanza kusimama mmoja mmoja na kupanga mstari, kila mmoja ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Nilijaribu kuwahesabu, kama ilivyo desturi yangu. Mstari ulitoka mlangoni, ukashuka ngazi, ukakata soko, na mwisho wake sikuuona.